Presha 170/115 kwa mjamzito: asingoje Jumatatu

Dada, unasema wifi yako huko Busia ana mimba ya wiki 34, kliniki wamempima 170/115, kichwa kinamgonga, na mama mkwe anataka kumpa vidonge vyake vya presha, enalapril, apumzike hadi Jumatatu. Hapana. Mpelekeni leo hii, tena hospitali yenye chumba cha upasuaji au kituo cha afya cha daraja la nne (Health Centre IV, kwa upande wa Uganda). Msimpakie boda: akishikwa na degedege njiani, ataanguka. Kodini gari, na akilala alalie ubavu wa kushoto.

Presha ikifika 160/110 kwa mjamzito ni dharura, kwa sababu mshipa unaweza kupasuka kwenye ubongo. Ndiyo maana hospitalini hutakiwa kuishusha ndani ya saa moja hivi, kwa nifedipini ya kumeza, au hidralazini au labetaloli ya sindano. Huishusha kiasi tu. Ikiporomoka ghafla, mtoto hukosa damu ya kutosha. Watapima protini kwenye mkojo, na wakiona dalili za kifafa cha mimba watampa magnesi salfeti. Hiyo huzuia degedege, haishushi presha, kwa hiyo msishangae akipewa dawa mbili.

Enalapril huumiza figo za mtoto tumboni. Mama mkwe ana nia njema, lakini vidonge vyake avimeze mwenyewe.

Huenda wakaamua kumzalisha mapema. Hata akijifungua salama, presha ipimwe tena wiki ya kwanza. Degedege huweza kuja hata baada ya kuzaa.