Kabla hujaongeza spika, geuza waya

Harusi ya tatu niliyofunga mitambo nusura iniharibie jina. Spika mbili kubwa, moja kushoto na moja kulia mwa jukwaa, amplifaya mpya, na bado mama mmoja wa kamati akanijia: “Mwanangu, mbona muziki wako hauna kifua?” Nikapandisha besi. Wapi! Nikakimbia kukodi spika ya tatu, kwa hela yangu, usiku ule ule. Hali ikabaki vile vile.

Cha ajabu, ukisogea karibu na spika moja besi ilikuwepo. Ukirudi katikati, mbele ya maharusi, inayeyuka. Fundi mmoja mzee, aliyekuja kula pilau tu, akaniambia nigeuze waya wa spika moja: mwekundu uende kwenye mweusi, mweusi kwenye mwekundu. Ukumbi ukatikisika.

Koni ya spika (ile sehemu ya mbele inayotikisika) ikitoka nje inabana hewa, ikirudi ndani inailegeza. Waya za spika moja zikiwa kinyume, hii inasukuma wakati ile inavuta, na mawimbi yakikutana katikati yanafutana. Besi ndiyo huumia, maana wimbi lake ni refu. Sauti ya hezi 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, ina wimbi la karibu mita 3.4 hewani, kwa hiyo shimo lake, pale inapofutika, linameza meza nzima ya wageni. Sauti kali za hezi 5,000 zina wimbi la sentimita 7 hivi. Ukitikisa kichwa tu umeshatoka kwenye shimo.

Siku hizi natembea na betri ndogo ya volti 1.5. Chomoa spika kwenye amplifaya, gusisha betri mara moja kwenye waya zake, chanya kwa chanya: koni itoke nje. Ikiingia ndani, umepata mchawi.

Waya zikiwa sawa bado usitulie. Ukisimama mahali ambapo spika moja iko mbali nawe kuliko nyingine kwa mita 1.7, nusu ya wimbi, hezi 100 zinafutana tena. Piga sauti moja isiyobadilika kutoka kwenye simu, utembee ukumbi mzima ukisikiliza. Mimi spika zote za besi naziweka pamoja, mahali pamoja, basi.

Jukwaa la mbao nalo lina vituko. Sauti hupita kwenye mbao na chuma kwa kasi kuliko hewani (hewani ni kama mita 340 kwa sekunde, kwenye chuma zaidi ya 5,000), na spika ikitikisa jukwaa, besi hupanda kwenye stendi ya maiki na kuanza kuvuma. Kipande cha godoro chini ya spika kimeniokoa mara nyingi.

Ukutani nako, sauti kali zinazuiwa, besi inapenya. Niliwahi kuning’iniza mapazia mazito nikidhani jirani atalala. Mwangwi wa ndani ulipungua kweli, ila yeye aliendelea kusikia dum, dum, dum hadi saa sita. Ikabidi nimpelekee sahani ya pilau.