Boriti imeinama, nani atajibu simu?

Assalamu alaykum mhariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii lauliza, kitu kikiharibika kwenye nyumba ya kupanga, mpangaji na msimamizi na mwenye nyumba huambiana vipi, na maneno yao hukwama wapi. Mimi nasimamia nyumba kadhaa hapa Lamu, nyingi ziko mtaa wa Mkomani na mbili tatu mtaa wa Langoni, wenyewe hawapo, kuna walio Mombasa, kuna walio Nairobi, kuna walio Muscat, na mimi mwenyewe pia nimepanga, kwa hivyo meseji za "dari lavuja" nazipokea na pia nazituma. Jibu langu ni kuwa maneno hukwama njiani, na yakivuka njiani hukwama kule juu ambako hakuna mtu mmoja aliyeachiwa kusema ndio au la.

Hebu nianze na hilo la njiani manake ndilo naliona kila wiki. Mpangaji anasema, boriti ya chumba cha watoto imeinama na usiku inadondosha unga kwenye kitanda. Yule kijana anayezunguka kuchukua kodi akimpigia mwenye nyumba anasema kuna kitu kidogo pale juu chataka kuangaliwa. Mwenye nyumba naye akimhadithia nduguye anasema yule mpangaji ameanza malalamiko yake tena. Habari ni ile ile moja lakini ikifika mwisho boriti haimo, unga haumo, watoto hawamo, kimebaki kinyongo tu. Na huyo mwenye nyumba wala si mtu mbaya, angeambiwa kuna watoto wanalala chini ya boriti iliyooza angetuma pesa jioni hiyo hiyo, ila hakuambiwa.

Kwa asiyezijua nyumba zetu nieleze kidogo ndio muelewe kwa nini hili si jambo la kuchelewesha. Mji wa kale wa Lamu, huu ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene, na dari ni boriti za mikoko zimepangwa safu, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, ni uzito mkubwa sana ule. Sasa boriti haianzi kuoza pale katikati unapoiona, huanzia kwenye ncha, pale ilipoingia ukutani, unyevu unakaa humo ndani na mchwa nao wanapata njia humo humo. Ukiitazama kutoka chini waiona nzima na rangi imepakwa vizuri, lakini ukipanda ngazi ukachukua msumari ukausukuma kwa mkono pale boriti inapokutana na ukuta, msumari unaingia wote kama mkate mbichi. Hapo ndipo penye habari. Kwa hivyo mimi siku hizi simwambii mwenye nyumba "boriti mbovu", napanda, nasukuma msumari, napiga picha msumari ukiwa ndani, napiga nyingine kutoka mlangoni ili aone kitanda kiko chini ya boriti gani, nagonga plasta kwa kifundo cha kidole nikirekodi ile sauti ya uwazi, alafu natuma zote pamoja na sentensi moja, chumba hiki analala nani. Sijaona mwenye nyumba aliyepokea picha hizo akajibu tutaangalia.

Kitu kingine ambacho kimegombanisha watu sana hapa ni plasta. Mpangaji analalamika ukuta wamwaga chumvi na plasta inabambuka, mwenye nyumba anasema lakini mwaka jana nilitoa pesa ukapigwa upya wote, kwani huyu anauchokoa na kisu? Wote wawili wasema kweli. Pesa ilitolewa na ukuta ulipigwa, lakini ulipigwa simiti. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka chini na lazima uutoe, chokaa inauachia, simiti inauziba, basi maji na chumvi vinakusanyika nyuma ya simiti mpaka inasukumwa inaanguka na vipande vya ukuta wenyewe. Ukirudisha simiti mwaka unaofuata umerudisha ugomvi ule ule. Ndio nasema meseji ya ripea isiishie kwenye "kumeharibika" na "leteni fundi", iseme fundi gani na kwa vifaa gani, manake fundi wa nyumba za bloku za Mokowe kule bara si lazima ajue kupiga chokaa, na chokaa yataka muda, huwezi kumwambia fundi apige leo mpangaji arudishe kabati kesho.

Na hapa niwatetee kidogo mafundi na sisi wasimamizi. Mwenye nyumba akiwa mbali akitumiwa bajeti anashtuka, anasema mchanga gani huo wa bei hiyo, Nairobi lori zima ni kiasi fulani. Lakini Lamu hakuna lori la kuingia vichochoroni. Vifaa vinakuja kwa boti mpaka gatini, vinashushwa na wapagazi, vinapakiwa punda, punda anakwenda safari na safari kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja ajibanze ukutani, alafu kifusi nacho chataka kutolewa kwa punda wale wale. Ukiandika kwenye bajeti "usafiri" peke yake ataona umemla. Mimi naandika boti kiasi gani, wapagazi kiasi gani, punda kiasi gani, kifusi kiasi gani, na risiti ya duka napiga picha siku ile ile sio mwisho wa mwezi. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti, boriti ziliadimika hapa, na waliokuwa wanaelezwa hali ilivyo walivumilia, walioambiwa tu "bei imepanda" walifikiri wanaibiwa na wengine mpaka leo hawaongei vizuri na wasimamizi wao.

Sasa nije kule juu nilikosema. Nyumba nyingi za Mkomani hazina mwenye nyumba, zina wenye nyumba. Babu alikufa akaacha nyumba, watoto wake nao baadhi wameshatangulia, imebaki ya wajukuu na binamu na shangazi, kila mtu na sehemu yake ya mirathi, mwingine sehemu kubwa mwingine kidogo sana, na wako miji minne tofauti. Wanafungua grupu la WhatsApp. Msimamizi anaweka picha ya dari, wa kwanza anaandika subhanallah, wa pili anaandika Mola atunusuru, wa tatu anauliza kodi ya mwezi uliopita imeingia?, wa nne ameona na hajasema kitu, na picha inapanda juu kwenye grupu mpaka inapotea. Mwenye sehemu kubwa angoja wenzake wachange, mwenye sehemu ndogo asema mimi hiyo kodi yenyewe napata kitu gani mpaka nichange. Mpangaji huku chini anakuuliza kila asubuhi akikutana nawe njiani, dada wamesemaje, na wewe huna la kusema.

Kuna nyumba moja ya namna hiyo nayosimamia ilikaa hivyo mpaka tukafika pahali niliogopa kupita chini ya lile dari mwenyewe. Iliyosaidia sio pesa, manake pesa ilikuwepo, kodi ilikuwa inaingia kila mwezi na kugawanywa. Iliyosaidia ni shangazi yao mkubwa alipiga simu kwa kila mmoja akawaambia, kuanzia sasa huyu mwanangu fulani aliye Mombasa ndiye wa kujibu mambo ya nyumba, kitu kidogo asiulize mtu, kikubwa aulize mara moja na asiyejibu ndani ya wiki amekubali, na pesa itoke kwenye kodi kabla haijagawanywa. Basi. Dari lile lile lililozungumzwa msimu mzima lilikuwa limeshatolewa boriti mbovu kabla ya mvua. Nawaomba wenye nyumba za mirathi mfanye hivyo, wekeni mtu mmoja, mpeni msimamizi kiwango cha kutumia bila kuuliza, iwe elfu tatu iwe elfu tano, koki inayovuja na kitasa kilichokatika visingoje mkutano wa ukoo. Na kwa haya maji yetu ya visima yenye chumvi koki hazidumu, mtaitwa kila siku.

Kuna wenye nyumba wengine wanasema mpangaji ndiye akaaye, mpangaji arekebishe. Hapana. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kifungu cha 65 inasema anayekodisha sehemu ya jengo ndiye wa kuweka paa, kuta kuu na mifereji mikuu katika hali nzuri, na mkataba wenu nao usomeni. Na nyumba zetu ndivyo zilivyo, orofa ya chini ana mtu wake, ya kati ana mtu wake, juu ana mwingine, paa likivuja lavuja kwa wote. Mpangaji akivunja kioo au akiziba choo kwa nepi hilo ni lake na aambiwe waziwazi. Lakini paa si lake.

Wapangaji nao niwaambie kwa mapenzi, msinyamaze. Najua kwa nini mnanyamaza. Kuna mama mmoja nilikwenda kwake kwa jambo jingine kabisa nikakuta mabeseni yamepangwa chumba kizima, moja juu ya kitanda, magodoro yamekunjwa kona moja, na masika yote alikaa hivyo na hakusema neno. Nikamuuliza mamangu mbona hukunipigia? Akaniambia naogopa, nikilalamika wataniambia nitoke waiweke watalii. Nilisikia vibaya sana. Na hofu yake ina msingi, nyumba za watu wa mji zimegeuzwa za wageni mbele ya macho yetu, kila Maulidi na kila msimu wa kaskazi kodi ya usiku mmoja yamtamanisha mtu. Lakini ule ukimya haukumlinda yeye wala nyumba, maji yaliingia kwenye ncha za boriti msimu mzima, na ripea ambayo ingekuwa ya kupiga chokaa juu tu ikawa ya kubadilisha boriti, na boriti zikibadilishwa ndipo kweli watu huambiwa watoke. Mwenye nyumba unayesoma hapa, mwambie mpangaji wako kwa mdomo wako kuwa kutoa habari ya kuvuja hakutamfukuzisha. Ukishasema hivyo utapata habari mapema, na ya mapema huwa ya bei nafuu.

Na mapema kwetu yana tarehe yake. Paa la chokaa hutengenezwa wakati wa ukavu, Januari, Februari, mwisho Machi, manake Aprili masika yakiingia na upepo wa kusi ukianza hakuna fundi atakayekufungulia paa. Kwa hivyo ile simu ya Mei ya "kunavuja" jibu lake la kweli ni kuwa tutaweka turubai sasa na paa tutalifanya kaskazi, ukavu ukirudi, na huko si kumpuuza mtu, bora aambiwe hivyo hivyo kuliko kuambiwa fundi anakuja kesho, kesho, kesho. Vile vile kuna kazi ambazo hapa mji wa kale huwezi kuanza bila kibali, ukitaka kugusa sura ya nyumba au kuongeza kitu juu lazima upite kwa watu wa Makumbusho na kaunti. Mwambie mpangaji tunangoja kibali, mtumie picha ya barua uliyopeleka. Mtu anavumilia kungoja akijua anangoja nini.

La mwisho ni namna fundi anavyoingia nyumbani, na hili linaudhi watu zaidi hata ya kuvuja kwenyewe. Msimamizi anakaa wiki tatu kimya, alafu siku moja saa nne asubuhi fundi na vijana wake wawili wako mlangoni na ngazi, hodi hodi, na ndani kuna wanawake peke yao, mmoja yuko bafuni, mmoja ana mtoto mchanga. Hawafunguliwi, fundi anaondoka, msimamizi anamwandikia mwenye nyumba kuwa mpangaji amekataa ripea. Huo ni uongo, hakukataa, hakuambiwa. Mimi napiga simu jana yake baada ya magharibi, naongea na mama wa nyumba mwenyewe sio mumewe peke yake manake mume huenda akasahau kumwambia, namtajia jina la fundi na ni mtoto wa nani, wanakuja wangapi, wataingia chumba gani, ili ahamishe vitu vyake na wasichana wapite upande wa ndani. Namuuliza saa ngapi yafaa kwake. Akisema baada ya alasiri, fundi aje baada ya alasiri.