Barua za Wasomaji: Msahafu wa dereva teksi, sokwe wa London na posho ya chakula cha jioni

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi Arusha na Moshi, na nyingi zinamhusu Will Self, mwandishi wa London aliyezaliwa 1961, ambaye riwaya zake za tashtiti, yaani kejeli inayoanika kasoro za jamii, zimeanza kuonekana kwenye vitabu vya mitumba.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nimenunua The Book of Dave ya Will Self. Sura ya kwanza imenishinda kabisa, Kiingereza chake hakifanani na Kiingereza. Nimesoma HKL hadi kidato cha sita, kwa hiyo riwaya si kitu kigeni kwangu. Mwenye kasoro ni mimi au kitabu? – Msomaji wa Kiborloni, Moshi

JIBU: Marahaba. Huna kasoro yoyote, mwandishi amekutupa majini kwa makusudi. Riwaya hiyo ya 2006 ina nyakati mbili zinazopishana. Katika wakati wa kwanza yupo Dave Rudman, dereva teksi wa London ya juzijuzi. Ndoa imevunjika, amezuiwa kumwona mwanawe, akili inaanza kumruka. Anaandika manung'uniko yake yote, anayachapisha kwenye mabamba ya chuma na kuyafukia kwenye bustani ya mtalaka wake huko Hampstead. Wakati wa pili ni karne kadhaa baadaye: maji yameimeza sehemu kubwa ya Uingereza, mabamba yamefukuliwa, na watu wameyafanya msahafu. Sura ya kwanza inaanzia huko. Watu wake wanaongea Kimokni, yaani Kiingereza cha mitaani cha London kilichoandikwa kama kinavyotamkwa na kujazwa maneno ya teksi. Kuhani anaitwa dereva, roho ya mtu ni abiria, jua ni taa ya ukungu.

Fanya hivi. Nenda kurasa za mwisho, utakuta faharasa ya maneno hayo. Zipige fotokopi uziweke pembeni, maana kufunua mbele na nyuma kila sentensi kutakuchosha kabla ya ukurasa wa kumi. Kisha anza na sura ya pili, ya Dave mwenyewe, halafu rudi ya kwanza. Kila sura ina tarehe kichwani. Ukiidharau tarehe utapotea. Mazungumzo ya Kimokni yasome kwa sauti. Msomaji wa Kiswahili ana nafuu hapa, kwa kuwa amezoea kutamka herufi anazoziona, na maneno mengi yanayotisha machoni yanajulikana mara moja sikioni.

Usifanye kama wengi wanavyofanya, kusoma sura za Dave peke yake na kuruka nyingine. Utani wote umo katika safari ya neno kutoka wakati mmoja kwenda mwingine. Dave analalamikia utaratibu wa kugawana siku za mtoto. Karne zikipita, inakuwa sheria ya dini kwamba wanaume na wanawake waishi mbalimbali na watoto wahame katikati ya wiki. Madereva wa teksi nyeusi wa London kwa kweli hukariri njia 320 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross kabla ya kupewa leseni. Kwenye riwaya njia hizo zimekuwa sala. Wanaodhani Self anamcheka Mungu wamesoma haraka. Anachokishika ni namna karatasi ya mtu mwenye hasira inavyopata mamlaka ikishakosa mtu wa kuihoji. Tukubali pia kwamba katikati kitabu kinajikokota, hasa safari ya kwenda London. Hapo una ruhusa ya kuongeza mwendo.

SWALI: Ninafundisha fasihi sekondari. Niliwasimulia wanafunzi wangu Great Apes ya Will Self wakasema hayo ni matusi, mtu kuwaita wenzake sokwe. Nitawaonyeshaje tofauti ya tashtiti na tusi? – Mwalimu, Ngaramtoni

JIBU: Mwalimu, waambie watafute kanuni. Tusi linasema "wewe ni mnyama" kisha linanyamaza. Tashtiti inasema "haya, tuchukulie ni mnyama", halafu inakaa chini kufanya hesabu: hospitali yake itakuwaje, mkutano wa ofisini utaendeshwaje, bosi atasalimiwaje? Katika riwaya hiyo ya 1997, mchoraji Simon Dykes anaamka baada ya usiku wa dawa za kulevya na kukuta mpenzi wake ni sokwe, London nzima ni sokwe, na yeye mwenyewe pia. Daktari Zack Busner, sokwe vilevile, anamtibu kwa ugonjwa wa kujiona binadamu. Kuanzia hapo kanuni haivunjwi hata mara moja. Wanazungumza kwa ishara za mikono, adabu ni kuchambuana manyoya, na mdogo humsalimu mkubwa kwa kumgeuzia makalio. Wasomi wenye shahada hufanya hivyo katikati ya mazungumzo mazito kuhusu sanaa, na hapo ndipo msomaji anapoanza kuwakumbuka watu anaowafahamu.

Tabia hizo hazikubuniwa mezani. Dunia ilianza kuzifahamu kwa karibu kutokana na kazi ya Jane Goodall huko Gombe, Kigoma, kuanzia Julai 1960. Mwanafunzi wa Kitanzania ana haki ya kujua kwamba kicheko hicho cha London kina mizizi kando ya Ziwa Tanganyika.

Darasani, uliza maswali matatu kwa mpangilio huu. Kanuni ya dunia hii ni ipi? Nani ananufaika nayo? Nani ndani ya hadithi anaiona ajabu? Yajaribu kwanza kwa Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), kitabu wanachoweza kukisoma wenyewe. Nchi inaelea angani, na kanuni yake ni kwamba aletaye jambo jema huadhibiwa. Karama, anayeshtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, anaithibitisha barazani kwa visa vya wajumbe sita. Wakishaiona kanuni huko, ya sokwe hawataikosa.

Angalizo moja: Great Apes ina ngono waziwazi na dawa za kulevya. Usikiweke kitabu kizima mikononi mwa watoto wa shule. Chagua kurasa, toa nakala, na umwonyeshe mkuu wa shule mapema kabla mzazi hajamwonyesha yeye.

SWALI: Umbrella ya Will Self iliingia orodha fupi ya tuzo ya riwaya ya Booker mwaka 2012. Nianze nayo? – Dada msomaji, Njiro

JIBU: Hapana, dada. Haina sura, aya zake ni ndefu mno, na sentensi inaweza kuanza kichwani mwa mtu mmoja ikaishia kwa mwingine miongo kadhaa nyuma. Anza na mkusanyo wa hadithi fupi wa 1991, The Quantity Theory of Insanity. Hadithi ya kwanza inamhusu mwanaume anayekutana barabarani na mama yake aliyekwisha kufa. Kumbe wafu huhamia tu mtaa mwingine wa London na maisha yanaendelea. Ukiipenda, nenda How the Dead Live (2000), inayokuza wazo hilohilo. Ukiichukia, umeokoa pesa.

SWALI: Nataka kuandika hadithi ya tashtiti kuhusu semina na posho hapa Arusha na kuiweka mtandaoni. Nianzie wapi, na nitaepukaje kushtakiwa? – Kijana wa Sakina

JIBU: Anza kwa kuandika kanuni yako kwa sentensi moja kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mfano: katika mji huu, hakuna anayekaa kwenye kiti bila posho. Kisha orodhesha matokeo kumi ya kanuni hiyo, utupe matano ya mwanzo. Hayo ndiyo kila mtu angeyafikiria: mbunge, mkurugenzi, gari la serikali. Yaliyobaki yatakuingiza nyumbani kwa watu, na huko ndiko kwenye mali. Maneno 1,200 hadi 1,500 yanatosha. Kanuni moja haibebi zaidi ya hapo bila kuanza kujirudia.

Msimulizi asicheke. Mpe lugha ya muhtasari wa kikao, kavu kabisa, namna hii:

"Chakula cha jioni kilianza saa 2:40 badala ya saa 2:00 kwa kuwa akidi haikutimia. Mtoto wa tatu aliwasilisha madai ya nauli kutoka chumbani. Mama aliyakataa kwa kukosa stakabadhi. Mtoto aliambatisha kandambili. Ilikubaliwa kwamba msiba wa babu uongezwe siku mbili, masurufu ya awali yakiwa hayajarejeshwa."

Ukiweka alama ya mshangao mahali popote hapo, umeiua. Ukiongeza kanuni ya pili, tuseme foleni za soko la Kilombero au bei ya umeme, msomaji hatajua tena acheke nini. Na mlenge anayepanga posho. Mama lishe anayeuza chai nje ya ukumbi hana mamlaka yoyote, na kumcheka yeye ni uonevu tu.

Kuhusu kushtakiwa, soma kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kinahusu kuchapisha taarifa za uongo kwa nia ya kukashifu, kutukana au kupotosha umma, na adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3. Hatari kubwa ya mwandishi wa tashtiti haiko kwenye hadithi nzima. Iko kwenye aya moja iliyokatwa, ikatumwa kwenye makundi ya WhatsApp, ikasomwa kama habari. Kwa hiyo usitumie jina la mtu halisi wala ofisi halisi, usiipe sura ya taarifa kwa umma yenye nembo, na hakikisha kila aya ina jambo moja lisilowezekana kabisa. Kandambili iliyoambatishwa kwenye madai inafanya kazi hiyo vizuri. Kabla ya kuchapisha, mpe mwanasheria asome.

SWALI: Irvine Welsh, mwandishi wa Uskoti, aliandika riwaya ya Trainspotting (1993) kwa lugha ya mtaani ya Leith, Edinburgh. Naweza kuandika riwaya nzima kwa lugha ya Chuga, yaani ya mitaa ya Arusha? – Chalii wa Kijenge

JIBU: Unaweza, ila hata Welsh hakuandika hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho, baadhi ya sura zake ziko kwa Kiingereza sanifu. Amua kwanza nani anasimulia. Msimulizi akiwa chalii mwenyewe, lugha iwe yake hata anapoeleza mvua. Msimulizi akiwa wa nje, iache lugha ya mtaa ndani ya mazungumzo, la sivyo ataonekana anawaigiza watu. Chagua maneno kama ishirini utakayoyarudia hadi msomaji wa Mtwara ayazoee, na uyatambulishe palipo na tendo: mtu akiitwa "arifu" huku akipewa nusu ya chapati, hakuna haja ya tanbihi. Usikoleze kila sentensi. Misimu inazeeka haraka, na ile iliyoingia mjini mwezi uliopita inaweza kuwa imekufa kabla hujapata mchapishaji, kwa hiyo pendelea maneno ambayo hata kaka zako wakubwa walikuwa wakiyatumia.