Kiroba hiki kinakubali, kingine kinaunguza miche

SWALI: Natengeneza mboji ya samadi ya kuku na maranda hapa Kibaha, nawauzia wakulima wa mboga. Mwaka jana maabara ilinipa majibu mazuri, lakini sasa wateja wanalalamika: kiroba hiki kinakubali, kingine kinaunguza miche ya nyanya. Nakosea wapi?

JIBU: Majibu ya maabara ni ya sampuli uliyopeleka siku ile, si ya viroba unavyouza leo. Samadi haifanani. Ya kuku wa nyama huja imechanganyika na maranda. Ya kuku wa mayai wanaofugwa kwenye vizimba huja karibu tupu, ina naitrojeni nyingi zaidi. Ukichanganya zote kwa idadi ile ile ya toroli, kila lundo litatoka na tabia yake. Pima kwa mizani, ulenge sehemu 25 hadi 30 za kaboni (iliyo nyingi kwenye maranda) kwa moja ya naitrojeni (iliyo nyingi kwenye samadi). Amonia ikikukaba pua, ongeza maranda au mabua yaliyokatwakatwa. Na tafadhali usimwage majivu kuua harufu: majivu huifukuza hiyo amonia hewani, nayo ndiyo naitrojeni mteja anayoilipia.

Unyevu upime kwa kiganja. Kamua konzi moja kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Joto lipimwe katikati ya lundo, si juu juu: nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, ukigeuza mara 5 ili ya pembeni nayo iingie ndani. Likipita 70, geuza siku hiyo hiyo.

Lakini kwa dalili ulizotaja, shaka yangu kubwa iko mbele zaidi. Joto likishuka, wengi hufungasha. Mboji hiyo imepoa tu, haijaiva. Iache chini ya paa wiki 4 au zaidi, ikiwa na unyevu kidogo. Kisha iulize mbegu. Koroga kikombe kimoja cha mboji kwenye vikombe vitano vya maji, chuja, lowesha kitambaa, panga mbegu 50 za mchicha. Kitambaa cha pili lowesha kwa maji matupu. Baada ya siku 4 au 5 hesabu zilizoota, na utazame mizizi. Cha mboji kikiwa na chini ya asilimia 80 ya kile cha maji, au mizizi ikiwa mifupi yenye ncha za kahawia, hiyo si ya kuuza bado.

Kila lundo lipe namba, iandikwe kwenye kiroba, na ubaki na kilo moja ya sampuli. Mteja akilalamika utajua ni lundo lipi, badala ya kubishana naye.

Viroba vilivyobaki stoo vipime kwanza kwa mbegu. Vinavyofeli vimwage, nyunyizia maji, geuza, viive upya. Kwa sasa wakulima wako waambie wasiitumie kitaluni.