Damu isiyokaa mwilini: pima choo kabla ya kuongeza vidonge

Ikiwa mtu wa nyumbani kwako anapewa vidonge vya kuongeza damu mara kwa mara, damu ikapanda kidogo kisha ikashuka tena, omba apimwe choo. Nayasema haya baada ya kumuuguza shangazi yangu hapa Kisauni, Mombasa, ambaye kwa muda mrefu alirudi kutoka zahanati na vidonge vilevile vya madini ya chuma, nasi tukamsagia juisi ya biti, ilhali akipanda ngazi chache tu moyo humwenda mbio, na ukimvuta kope la chini ndani ni kweupe. Kila mtu alisema ni uzee. Hakuna aliyemuuliza habari za shamba lake la mchicha, ambalo hulilima miguu mitupu.

Mchanga wenye unyevu na kivuli, uliochanganyika na kinyesi cha watu, ndio unaolea mayai ya minyoo wa safura. Viluwiluwi wao hupenya ngozi ya miguu, mara nyingine wakiacha muwasho katikati ya vidole, wakasafiri kwa damu hadi mapafuni, wakapanda kooni, wakamezwa na kufika kwenye utumbo mwembamba, ambako hung'ata ukuta wake na kunyonya. Mnyoo mmoja wa aina ya Necator americanus humpotezea mtu takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Ni kidogo mno hata huwezi kuiona chooni. Wakiwa 100, hiyo ni mililita 3, yenye karibu miligramu 1.5 za chuma, na mwili hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku kutoka katika chakula. Aina nyingine ya minyoo hao, Ancylostoma duodenale, ni mlafi zaidi, hufikia mililita 0.2. Kwa hiyo vidonge peke yake ni kujaza mtungi unaovuja.

Dawa yenyewe si ghali: albendazoli ya miligramu 400, ambayo kwa kawaida hutolewa dozi moja, ingawa daktari anaweza kuirudia. Mjamzito asiimeze katika miezi mitatu ya mwanzo. Vidonge vya chuma viendelee kwa muda wa miezi kadhaa hata baada ya minyoo kufa, kwa sababu akiba ya mwili imekwisha, na visinywewe pamoja na chai, jambo gumu kwetu sisi watu wa Pwani; maji ya ndimu yanafaa zaidi. Watoto hupata dawa za minyoo shuleni, lakini mkulima mtu mzima husahauliwa, naye asipovaa viatu shambani ataambukizwa upya.

Na kwa mtu wa makamo au mzee, kupatikana kwa minyoo kusifunge uchunguzi. Damu ikiendelea kushuka baada ya tiba, adai kuchunguzwa tumbo na utumbo, maana vidonda na saratani navyo huvuja damu kimyakimya.