Maswali Yenu ya Magari: Tairi za Indianapolis 2005, nani abebe lawama?

*SWALI: Mkuu salaam. Hapa kijiweni Arusha tunabishana kila Jumapili mbio zikiisha, na safari hii ubishi umerudi kwenye ile Grand Prix ya Marekani ya 2005, mbio za F1 (Formula 1) kule Indianapolis, gari 14 zenye tairi za Michelin zikaingia piti (kwenye vibanda vya mafundi) zikabaki 6 barabarani. Jamaa yetu mmoja Ferrari damu anasema kosa lote ni la Michelin na sisi wengine hatujui mchezo. Mimi naona FIA, wasimamizi wa F1, waliua mbio zao wenyewe kwa ubishi. Tupe hukumu.*

Salaam kijiweni. Huyo Ferrari damu ana pointi, ila hadithi anaikata katikati.

Tuanze na tairi yenyewe. Ijumaa tarehe 17 Juni, mazoezini, Ralf Schumacher wa Toyota anapita kona ya 13, tairi ya nyuma kushoto inamwachia, gari inakwenda ukutani. Na hapo hapo mwaka mmoja nyuma, 2004, akiwa Williams, alishaumia mgongo baada ya tairi kuisha upepo, yaani huyu jamaa na ile kona walikuwa na ugomvi wao. Kona ya 13 si kona ya kawaida ya F1, ni kipande cha lile duara la mbio za Kimarekani za Indy 500, lami imeinuliwa upande wa nje, digrii 9 na ushee, na dereva anapita hapo kakanyaga mafuta mpaka chini. Uzito wote unaishia kwenye tairi ya kushoto nyuma, ubavu unajikunja, unapata moto, unachoka, na siku ukichoka unachoka na ukuta uko mita chache tu. Lami nayo ilikuwa imewekwa upya na kuchanwa mistari ili ishike zaidi, kwa hiyo mzigo ukazidi.

Bridgestone, watengeneza tairi wa zile gari 6, hawakushtuka, na sababu iko wazi: Firestone ni kampuni yao, na Firestone ndio wanaovisha magari ya Indy 500 kwenye duara hilo hilo, kwa hiyo data ya lami mpya walikuwa nayo. Michelin hawakuwa nayo. Walikuja na tairi zisizoweza kumaliza kazi, na tairi ya akiba ya kuaminika hawakuwa nayo, wakaagiza nyingine kwa ndege kutoka Ufaransa, nazo wakaona hazifai. Mwisho wakaandika barua kwa Charlie Whiting wa FIA wakisema hawawezi kuwahakikishia usalama mpaka spidi ya kona ya 13 ipunguzwe. Zaidi ya raundi kumi hivi walikuwa hawazidhamini, na mbio zilikuwa raundi 73. Tena FIA walikuwa wameshawaandikia timu na watengeneza tairi tarehe 1 Juni kuwakumbusha usalama, baada ya dereva Kimi Räikkönen kule Nürburgring, Ujerumani, kuendesha na tairi iliyoliwa upande mmoja, gari ikitetemeka mpaka mguu wa gurudumu la mbele ukakatika raundi ya mwisho. Kwa hiyo kwenye swali la tairi mbovu sina maneno mengi, ni Michelin, na wenyewe hawakukataa.

Lakini swali lako si la tairi mbovu. Swali lako ni kwa nini Jumapili watu zaidi ya laki moja waliona gari sita tu zinashindana. Hapo ndipo mimi na Ferrari damu tunaachana.

Timu tisa kati ya kumi zilikubali ziwekwe kona za zigizaga kabla ya kona ya 13 ili spidi ishuke. Tisa! Zikiwemo Jordan na Minardi ambazo zilikuwa na Bridgestone na hazikuwa na shida yoyote. Wa kumi ni Ferrari, bosi wao Jean Todt akasema hilo ni la FIA na Michelin, lisimhusu. Wengi mnamtukana Todt kwa hilo, mimi simtukani, Ferrari msimu ule walikuwa hawajashinda hata mbio moja na bosi wa timu hayuko pale kuokoa wapinzani wake. Mtu wa kuokoa mbio alikuwa Max Mosley, rais wa FIA, na yeye akakataa katakata, akisema si haki kwa walioleta tairi sahihi, na treki ikibadilishwa usiku bila kujaribiwa halafu mtu akafa, FIA watajitetea vipi mahakamani Marekani. Hoja ya mahakama ina uzito, siidharau. Ila alichowapa badala yake ni nini? Pitieni kona ya 13 polepole, au pitieni njia ya piti kila raundi, au badilisheni tairi mbele ya macho yetu mkubali adhabu. Hebu fikiria gari 14 zinatembea na nyingine 6 zinapita kwa spidi ya mwisho kwenye kona ile ile, halafu uniambie hapo usalama umeongezeka wapi.

Na kuna kitu kinasahaulika sana kwenye huu ubishi. Mwaka 2005 kulikuwa na sheria mpya, seti moja ya tairi kwa kutafuta nafasi ya kuanzia na kwa mbio nzima, kubadilisha ni mpaka pancha au hatari ya kweli. Sheria hiyo ni ya FIA. Räikkönen aliendesha na tairi ile kwa sababu hiyo, na Indianapolis pia kama tairi zingekuwa zinabadilishwa kama zamani, angalau kungekuwa na pa kuanzia mazungumzo. Mwaka 2006 sheria ikafutwa kimya kimya.

Hukumu yangu basi: tairi ni Michelin, fedheha ni Mosley. Timu siwalaumu. Ukishaandikiwa na fundi wako kwamba tairi itapasuka, ukimruhusu dereva akaendesha, damu ni yako. FIA wenyewe waliziita timu wakazikuta na hatia kwenye mashtaka mawili, halafu ndani ya wiki chache wakazisafisha.

*SWALI: Niko Doha kikazi, 2023 nilikuwa Losail, treki ya F1 ya hapa Qatar. Pale tairi za Pirelli zilionekana na matatizo Ijumaa na FIA wakasema hakuna kupita raundi 18 kwa seti moja, mbio zikaendelea vizuri tu. Kwa nini 2005 hawakufanya hivyo?*

Swali zuri sana hili, hongera kwa kuwa uwanjani. Losail tatizo lilikuwa kingo za kona ya 12 na 13, magari yakizipanda kwa spidi ubavu wa tairi unaanza kuachana kwa ndani. FIA wakasogeza mistari ya mpaka wa treki, wakaweka kikomo cha raundi 18, na kwa mbio za raundi 57 kila mtu akalazimika kusimama piti angalau mara tatu.

Ila angalia tofauti: 2023 wote wanavaa Pirelli. Kikomo kinamuumiza kila mtu sawa, hakuna wa kulalamika kwamba mpinzani kabebwa. 2005 kulikuwa na kampuni mbili zinashindana, ukiwasaidia Michelin umewanyang'anya Bridgestone ushindi wao, na Mosley aliisimamia hoja hiyo hiyo. Sikubaliani na uamuzi wake lakini siwezi kusema alikuwa na kazi rahisi kama ya Qatar. Kuanzia 2007 F1 ikawa na kampuni moja tu ya tairi.

*SWALI: Wale mashabiki wa Indianapolis walirudishiwa hela au ndio basi?*

Walirudishiwa, na aliyelipa ni Michelin, si FIA. Juu yake wakanunua tiketi 20,000 za mbio za 2006 wakagawa. Siku yenyewe lakini ilikuwa mbaya, watu wakazomea, chupa zikarushwa kwenye treki, Michael Schumacher akashinda mbio zake pekee za mwaka ule, akapanda jukwaani uso umemshuka. Aliyefurahi ni Tiago Monteiro wa Jordan aliyeshika nafasi ya tatu, Mreno wa kwanza kupanda jukwaa la F1, akamwaga shampeni peke yake huku wenzake wameshaondoka, na mimi simlaumu hata kidogo.