Kuchunguza Machimbo Yaliyoachwa Pwani

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa historia jijini Dodoma. Nawezaje kuchunguza mabaki ya machimbo ya mawe ya Porthgain, pwani ya Wales, nikiwa mbali hivi?

Jibu: Ndugu msomaji, linganisha ramani za miaka tofauti, kisha ufuate safari ya jiwe kutoka gengeni hadi gatini. Huko walichimba kwanza mawe ya kuezekea, wakafyatua matofali, na mwishowe wakaponda mawe ya barabara mpaka kazi ilipokoma mwaka 1931. Maghala makubwa ya matofali yaliyo kando ya bandari, ambayo kwangu ndiyo ushahidi bora kuliko yote, yalihifadhi kokoto zilizochambuliwa kwa ukubwa kabla ya kumiminwa melini. Usipuuze misingi ya mitambo wala njia za reli, kwani mteremko wake huonyesha mzigo ulikoelekea.